Inhela ya Unga: Pumzi Yako Ndiyo Injini

Baridi ya alfajiri, moshi wa kuni jikoni, vumbi la kupukuchua mahindi: mwenye pumu anayajua haya kuliko mimi mtangazaji.

Leo tuizungumzie inhela ya unga, kifaa cha kuvutia dawa ya pumu. Haina gesi ya kusukuma dawa kama ile ya kupuliza. Anayeisukuma dawa ni wewe, kwa pumzi yako. Dawa husagwa mpaka chembe zake zifike mikroni 1 hadi 5, ilhali unywele wa binadamu una unene wa mikroni zipatazo 70. Chembe kubwa zaidi hukwama kooni. Shida ni kwamba chembe ndogo hivyo hugandana, kwa hiyo mara nyingi watengenezaji huzichanganya na laktosi, yaani sukari ya maziwa, yenye punje kubwa. Dawa hujishikiza kwenye punje hizo. Ukivuta kwa nguvu, hubanduka na kushuka mapafuni. Laktosi nyingi hubaki kinywani na kooni.

Basi ukivuta kivivu, umepoteza dawa. Toa pumzi kwanza, mbali na kifaa, maana unyevu wa kinywa hugandisha unga. Fumba midomo juu ya kifaa, vuta kwa nguvu na kwa kina, kisha zuia pumzi sekunde 10 hivi. Dawa ikiwa na steroidi, sukutua maji uteme. Kifaa kiwekwe pakavu, si kando ya sufuria ya chai.

Wazazi, mtoto wa chini ya miaka 5 kwa kawaida hana nguvu hiyo ya kuvuta. Mwulizeni mhudumu wa afya kuhusu inhela ya kupuliza yenye chupa ya kupitishia dawa.