Balbu na Ahadi Zake: Wati, Miaka na Mfuko wa Mwenye Nyumba

Kila boksi la balbu linalouzwa madukani leo limebeba ahadi mbili. Ya kwanza, itakula umeme kidogo. Ya pili, itadumu miaka mingi. Tumezoea kuzihukumu kwa pamoja, ndiyo maana mabishano hayaishi: huyu anasema balbu hizi ni mkombozi, yule anasema ni utapeli, na wote wawili wana ushahidi mkononi. Hoja yangu ni kwamba ahadi ya kwanza ni ya kweli, ingawa hutiwa chumvi. Ya pili imepimwa katika mazingira yasiyofanana na nyumba zetu, na inapovunjika hasara humwangukia mnunuzi peke yake.

Tuanze na wati, maana hapo hesabu ni nyepesi. Balbu ya zamani huangaza kwa kuchemsha waya wa tangsteni, na zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za umeme inaokula hupotea kama joto. Ile ya wati 60 hutoa mwanga wa lumeni 700 hadi 800 hivi. Enajisava ya mrija uliosokotwa hufikia mwanga huo kwa wati 13 hadi 15, na LED kwa wati 9 au karibu yake. Chukulia nyumba yenye balbu tano zinazowaka saa tano kila usiku. Zikiwa za waya, zitakula uniti 45 kwa mwezi. Zikiwa za LED, hazifiki hata 7. Kwa mteja wa Tanzania aliye kundi la T1, anayelipa shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, huo ni unafuu wa shilingi 11,000 na ushei. Aliye kundi la D1, la matumizi madogo, anayelipa shilingi 100 kwa uniti 75 za mwanzo, ataokoa kama shilingi 3,800, lakini faida yake kubwa zaidi huenda ikawa ni kutovuka hizo 75, kwani kila uniti inayozidi hapo ni shilingi 350.

Hesabu hiyo, hata hivyo, inailinganisha LED na balbu ambayo nyumba nyingi za mjini zimeshaiacha. Anayetoa enajisava tano za wati 15 na kuweka LED za wati 9 anaokoa uniti nne na nusu tu kwa mwezi, yaani shilingi 1,300 hivi kwa T1. Pasi ya wati 1,000 ikivuta umeme kwa saa moja tu inameza uniti nzima. Kwa hiyo anayelalamika kwamba amebadili balbu zote na umeme wa LUKU bado unakwisha mapema hajaibiwa na balbu. Aanze kulitazama friji.

Ahadi ya miaka ndiyo yenye kasoro. Boksi likiandika saa 25,000, kwa saa tano kwa siku hiyo ni zaidi ya miaka 13, na hakuna kiwanda kinachosubiri miaka 13 ndipo kiuze. Utaratibu uliozoeleka ni kuviwasha vijiwe vya LED maabara kwa saa 6,000 au zaidi, kama siku 250 mfululizo, kuangalia mwanga unavyofifia, kisha kukadiria ni lini utashuka hadi asilimia 70 ya ule wa mwanzo. Makadirio hayo yanaweza kwenda hadi mara sita ya muda wa jaribio. Ni sayansi halali, ila kinachopimwa ni kijiwe, si balbu nzima. Ukibandua kile kifuniko cheupe cha balbu iliyokufa, utaona kisahani cha alumini chenye vijiwe vya njano, na mara nyingi kimoja kina doa jeusi katikati. Kwa kuwa vimeungwa kwa mfuatano, kimoja kikikatika vyote vinazimika. Vijiwe vyote vikiwa salama, lawama iko chini yake, kwenye sakiti inayougeuza umeme wa volti 230. Kapasita zake huchukia joto: kwa kanuni ya mafundi, kila nyuzi kumi za selsiasi zinazoongezeka hupunguza umri wake kwa nusu. Sasa itundike balbu hiyo kichwa chini ndani ya globu ya kioo iliyozibwa, joto lake lote likipanda kwenye sakiti, halafu umeme ukatike jioni na kurudi kwa kishindo. Mazingira hayo hayamo kwenye lile jaribio la siku 250.

Patakuwa na atakayesema mnunuzi ajilaumu, kwani rahisi ghali. Hoja hii ingekuwa na uzito kama ubora ungeonekana dukani. Muuzaji anaijaribu balbu mbele yako, inawaka, basi. Kapasita iliyomo ndani haionekani na bei haikuhakikishii chochote. Pingamizi la pili ni zito zaidi: hata LED ikifa mapema, si imeshaipita balbu ya waya, ambayo watengenezaji wakubwa walikubaliana kuanzia 1924, kupitia muungano wa Phoebus, isizidi saa 1,000? Ni kweli. Tuseme LED ya shilingi 3,000 imekufa baada ya mwaka. Ikiwa ilichukua nafasi ya balbu ya waya, imeokoa uniti 93 na imejilipa hata kwa bei ya D1. Ikiwa ilichukua nafasi ya enajisava, imeokoa uniti 11: kwa T1 imerudisha bei yake kwa taabu, kwa D1 imerudisha shilingi 1,100 tu. Maana yake ahadi ya miaka ina uzito zaidi katika nyumba yenye kipato kidogo, na huko ndiko inakovunjika.

Na hakuna kurudi nyuma. Mkutano wa Bali wa mwaka 2022, chini ya Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, uliamua enajisava za kawaida za majumbani zisitengenezwe wala kuingizwa nchini baada ya 2025. Wakati huohuo, anayefaidi bila shaka yoyote ni msambazaji wa umeme: nyumba milioni moja zikibadili balbu moja moja ya wati 60 kwa ya wati 9, gridi inapumua megawati 51 saa ya jioni inapoelemewa. Uganda iliielewa hesabu hii mwaka 2007, baada ya maji ya Ziwa Viktoria kupungua na umeme unaotokana nayo kuadimika, ikagawa bure enajisava kwa mamia ya maelfu. Anayenunua kwa wingi hivyo anaweza kudai sakiti ikaguliwe kabla ya shehena kushushwa. Mnunuzi wa balbu moja hana uwezo huo. Anachoweza kudai, na sheria ikamuunga mkono, ni boksi liandike lumeni, volti inazohimili, na miezi ambayo muuzaji atalazimika kuipokea balbu iliyokufa na kutoa nyingine.