"Rangi mbili" si dawa ya kila kikohozi

Hotuba ya mratibu wa miradi ya dayosisi kwa kamati za sharika, Moshi



Msimu wa baridi, ukungu unapofunika migomba kuanzia Machame hadi Rombo, karibu kila nyumba ina mtoto anayekohoa. Wengi hukimbilia dukani kununua amoksilini, zile tunazoziita "rangi mbili". Utafiti uliofanyika mwaka 2017 katika maduka ya dawa ya Manispaa ya Moshi ulionyesha kwamba zaidi ya maduka 9 kati ya 10 yalitoa antibiotiki bila cheti cha daktari.

Amoksilini ni ya jamii ya penisilini. Inaua bakteria, haiui virusi vya mafua. Kwa hiyo vikohozi vingi haviihitaji. Lakini kwa mtoto mwenye nimonia, dawa hii huokoa maisha. Tukiitumia ovyo, bakteria huwa sugu, na siku nimonia itakapoingia nyumbani dawa itashindwa. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alitoa onyo hilo mwaka 1945 alipopokea Tuzo ya Nobel.

Naomba kila kamati itangaze haya baada ya ibada:

1. Mtoto anayepumua haraka, au ambaye kifua chake kinabonyea anapovuta pumzi, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

2. Dozi ya mtoto hupimwa kwa uzito au umri. Fuateni saa na siku mlizoelekezwa. Msiache kwa sababu homa imepungua, msigawane, wala msiweke akiba.

3. Dawa ya unga ya chupa ichanganywe na maji yaliyochemshwa na kupoa, hadi kwenye alama. Tikiseni kila mara kabla ya kunywesha. Siku zilizoandikwa zikiisha, isitumike tena.

4. Aliyewahi kudhurika na penisilini aseme kabla ya kupewa dawa. Anayevimba uso au kubanwa pumzi akimbizwe hospitali.

Ndugu wafadhili, tunashukuru kwa moyo wenu. Lakini makopo ya dawa katika ofisi ya usharika hayana mtu wa kupima mgonjwa. Tusaidieni kuwa na mfuko wa nauli, ili mama wa mlimani amfikishe mtoto kwa mganga mapema.