Kabla ya Kuuza Ng'ombe: Je, Mtoto Anaweza Kuhama Chuo Kikuu?

(Mazungumzo ya mfanyakazi wa huduma za jamii na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, kwenye semina ya siku moja.)

 

Leo sitazungumza juu ya mbuzi wa maziwa wala sanduku la akiba. Au tuseme nitazungumza juu ya sanduku, lakini kwa njia nyingine. Nataka tuongee juu ya watoto wetu wanaoitwa chuo kikuu kisha wanasema, "Mama, mimi sitaki hapa, nataka kuhama."

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mama mmoja wa kikundi ninachokitembelea ana binti aliyepita mtihani wa KCSE. Msichana aliitwa kusomea ualimu, chuo cha mbali, lakini moyo wake ulikuwa kwenye uuguzi. Akatokea bwana mmoja mjini akasema anajua watu, na kwa shilingi 30,000 msichana atahamishwa. Mama akaomba mkopo. Kikundi kilikaa, kikakubali, na mimi nilikuwa nimeketi pale pale. Sikuuliza swali hata moja. Yule bwana akasema msichana asiende kuripoti, angoje nyumbani. Akangoja wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Simu ya yule bwana ikazimwa.

Baadaye nilikwenda na msichana saiba. Tulifungua ukurasa wake, tukaona alama zake, na tukaona alama zilizotakiwa na kozi ile ya uuguzi mwaka wake. Alikuwa chini kwa zaidi ya alama nne. Maana yake, ile safari haikuwa na njia tangu mwanzo, na tulijua kwa dakika 10. Shilingi 30,000 zilikuwa zimekwenda kwa sababu hatukutafuta hizo dakika 10.

Basi leo nawapa maswali matano. Yaulizeni kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Swali la kwanza: Nani alimpeleka pale? Zamani, mwanzoni mwa miaka ya 1990, vyuo vikuu vya umma vilikuwa vinne tu: Nairobi, Moi, Kenyatta na Egerton. Leo vimepita 30. Wanafunzi wanapangwa na shirika la serikali linaloitwa KUCCPS, lililoundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012. Kama mtoto alipangwa na KUCCPS, kuhama kwenda chuo kingine kunapitia huko huko KUCCPS. Kama alijiombea mwenyewe na anajilipia, hiyo ni njia nyingine; nitaigusa baadaye.

Swali la pili: Alama zinatosha? Hapa ndipo watu wengi wanaanguka. Mzazi anasema, "Mtoto wangu ana C+, si hiyo ndiyo alama ya chuo kikuu?" Ndiyo, C+ inafungua lango la nje. Lakini kila kozi ina mlango wake ndani. Kwanza kuna masomo ya lazima. Anayetaka uuguzi hawezi kukwepa bayolojia na kemia. Pili kuna alama za kundi, ambazo zinahesabiwa juu ya 48. Zinatoka katika masomo manne yanayohusu kozi, pamoja na jumla ya matokeo yake yote. Kila mwaka kila kozi ina alama ya mwisho iliyoingia. Mtoto anayehama hupimwa na alama hiyo ya mwaka aliopangwa yeye.

Tuchukue mfano. Tuseme kijana ana alama 32, na kozi anayoitaka ilifunga kwa 36. Hapo mlango umefungwa, hata kama mjomba wake ni nani. Lakini tuseme kozi hiyo hiyo katika chuo kingine ilifunga kwa 30. Hapo tunaweza kuendelea kuongea. Mnaona? Kozi ni moja, lakini mpaka si mmoja. Kwa hiyo usiulize tu, "Uhandisi unataka ngapi?" Uliza, "Uhandisi wa chuo fulani, mwaka fulani, ulifunga kwa ngapi?"

Swali la tatu: Kuna nafasi? Alama zikitosha bado kazi haijaisha. Kozi kama udaktari, uuguzi na famasia hujaa haraka, maana chuo hakiwezi kuongeza wanafunzi bila maabara na hospitali ya kujifunzia. Kozi ambazo hazikujaa ndizo zenye matumaini. Halafu kukubaliwa si kwa mtu mmoja. Chuo unachotoka kikubali kukuachilia, chuo unachokwenda kikubali kukupokea, na KUCCPS ipitishe. Mmoja akikataa, umebaki ulipokuwa.

Swali la nne: Muda bado upo? Dirisha la kuhama hufunguliwa kwa muda mfupi, na ni la wanafunzi wapya. KUCCPS yenyewe hutangaza tarehe. Mtoto wa mwaka wa pili anayesema ndiyo sasa anataka kuhama amechelewa sana kwa njia hii. Na tafadhali shikeni neno hili: mtoto aende akaripoti pale alipoitwa, na aombe kuhama akiwa huko. Asikae nyumbani kungoja. Ombi likikataliwa, angalau bado ana chuo.

Swali la tano: Itagharimu nini, na ni kwa nini? Ombi lenyewe lina ada ndogo inayoonyeshwa kwenye ukurasa wa KUCCPS, nayo inalipwa kwa serikali, si kwenye simu ya mtu. Gharama kubwa ziko kwingine: nauli, chumba kipya, na karo uliyokwisha kulipa. Usifikiri pesa zitakufuata zenyewe. Uliza ofisi ya karo ya chuo cha kwanza, upate jibu kwa maandishi. Na mkopo wa HELB pia: karo huenda chuoni moja kwa moja, kwa hiyo HELB wajulishwe mapema, pesa zisije zikaenda mahali ambapo mtoto hayupo.

Juu ya sababu, kaeni na mtoto mzungumze. Kama shida ni umbali tu, aangalie kozi hiyo hiyo katika chuo cha karibu. Kama chuo ni kizuri lakini kozi haimpendezi, aulize juu ya kubadilisha kozi ndani ya chuo hicho hicho; alama bado zitaangaliwa, lakini hatahamisha godoro. Kama ni ugonjwa, aulize juu ya kuahirisha masomo. Si kila shida dawa yake ni kuhama.

Sasa wale wanaojilipia. Hao huandikia chuo kipya moja kwa moja, wakipeleka matokeo ya masomo waliyofanya. Chuo ndicho kinaamua masomo gani yatahesabiwa, na kanuni za Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu haziruhusu yafike nusu ya kozi. Aliyesoma miaka mitatu asidhani atabakiza mmoja. Anaweza kurudishwa nyuma sana, na kila mwaka ni karo.

Ombi langu kwa vikundi ni dogo. Mtu akija kuomba mkopo wa kumhamisha mtoto, msimfukuze na msikimbilie kumpa. Mchagueni mwalimu ama kijana anayejua kompyuta, aende naye saiba, warudi na karatasi yenye alama za mtoto na alama za kozi. Kikundi kiangalie hizo namba mbili. Na mtu yeyote anayesema "najua watu", mwambieni aje mkutanoni awataje.

Mnataka kujua yule msichana alifikia wapi. Tulimsindikiza chuoni, akapokelewa akiwa amechelewa. Vyumba vya ndani vilikuwa vimekwisha, akapanga nje. Anasomea ualimu wa bayolojia na kemia, na siku hizi hasemi tena juu ya kuhama. Mama yake bado analipa ule mkopo, shilingi 1,000 kila mwezi. Kila akileta hizo pesa mkutanoni, mimi huangalia chini.

 Kama kuna maswali, tuanze na akina mama.