Koili Kubwa na Hela Ndogo

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Ifakara)



Nimeombwa niseme machache juu ya elimu na maisha. Waliotangulia kuzungumza wamekwisha kuyamaliza mambo makubwa, nami nawashukuru. Mimi nitazungumzia jambo dogo, na ninaposema dogo nina maana hasa ya neno hilo: kipande cha shaba chenye upana wa milimita 20, na namna ya kukitafuta ardhini. Nimelichagua kwa sababu lilinipatia aibu, na nyumba yetu likaigharimu magunia 12 ya mpunga.

Miaka kadhaa iliyopita mtoto wa marehemu kaka yangu, kijana aliyekuwa amemaliza kidato cha nne, alinijia ofisini. Akaniamkia, akakaa, akasema, "Baba mdogo, nina swali moja tu. Kuna mashine hizi za kutafutia vitu vya chuma na madini chini ya ardhi. Nyingine zina koili ndogo, nyingine koili yake ina upana wa mita nzima. Ipi bora?"

Nilikuwa na majalada mengi mezani. Sikuinua hata kichwa. Nikamjibu kisomi: "Kubwa hufika mbali zaidi." Basi. Sikumwuliza anatafuta nini, wapi, wala kwa ruhusa ya nani.

Kijana alikwenda kwao, akamshawishi mama yake, wakauza mpunga wote wa ghalani. Yeye na wenzake watatu wakakodi ditekta yenye koili ya mita moja kwa mfanyabiashara mmoja. Walichokuwa wakitafuta ni kile ambacho kila mmoja wetu aliyekulia bonde hili amekisikia: mali ya Mjerumani. Walikuwa wameambiwa kwamba Wajerumani walipokimbia mwaka 1917 walifukia masanduku ya dhahabu kando ya njia ya kwenda kwenye kivuko.

Siku ya nne mashine ililia kwa nguvu. Wakachimba mpaka shimo likapita kimo cha mtu. Ilikuwa masika, udongo umeloa, na ukuta mmoja ukaporomoka. Mtoto wa kaka yangu akafukiwa mpaka kifuani. Akina mama waliokuwa wakitoka shambani ndio waliomfukua kwa majembe na mikono. Chini ya shimo palikuwa na kipande cha jembe la trekta.

Nilipokwenda kumpa pole shemeji yangu, hakunilaumu. Alisema tu, "Shemeji, alisema wewe ndiye uliyemwambia." Mpunga ule ulikuwa matumizi ya binti yake chuoni. Niliurudisha kwa misimu miwili, lakini maneno yale sikuweza kuyarudisha. Ndipo nilipoamua kujifunza lile jambo nililolijibu bila kulijua.

Kwanza, juu ya fedha yenyewe. Katika utawala wa Wajerumani rupia moja iligawanywa katika pesa 64. Tangu 1904 ikagawanywa katika heller 100, na ndiko lilikotoka neno letu "hela". Hela moja ilikuwa ya shaba nyekundu, upana milimita 20, uzito gramu 4. Nusu hela ilikuwa ndogo zaidi. Rupia ya fedha ilikuwa na upana wa milimita 30 hivi, na uzito wa karibu gramu 12. Hizo ndizo zilizodondoka njiani, sokoni, na penye foleni za kulipa kodi. Watu wetu walitozwa kodi ya nyumba tangu 1898, na waliitafuta kwa jasho.

Na dhahabu je? Ilikuwapo. Mwaka 1916, katika karakana ya reli kule Tabora, Wajerumani waligonga sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Zilikuwa kama 16,000 tu. Lakini walizigonga kwa sababu walikuwa wameishiwa. Meli hazikuwaletea fedha, hata wakagonga sarafu za hela 20 kwa shaba iliyopatikana, pamoja na maganda ya risasi, na wakachapa noti za dharura. Oktoba 1917 waliuacha mji wa Mahenge mikononi mwa majeshi ya Wabelgiji, na Novemba mwaka huohuo Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma. Ndugu zangu, jeshi linalogonga senti kwa maganda ya risasi haliachi masanduku ya dhahabu chini ya kila mwembe.

Basi kilichomo ardhini, kama kimo, ni vitu vidogo. Sasa tuitazame koili.

Koili ni nyaya zilizozungushwa ndani ya ile sahani iliyoko mwisho wa fimbo ya mashine. Umeme unaobadilika-badilika hupita humo na kuzaa uga wa sumaku. Uga huo ukiifikia sarafu, huamsha mikondo midogo ya umeme ndani ya shaba. Mikondo hiyo nayo huzaa uga wake hafifu, na koili ya kupokea huusikia. Vijana wa kidato cha nne wanaijua kanuni hii. Ni ya Michael Faraday, ya mwaka 1831.

Nilipomwambia kijana kwamba koili kubwa hufika mbali, nilikuwa nimesema nusu ya kweli. Koili kubwa huusambaza uga wake mahali papana. Chumvi konzi moja ukiitia katika sufuria ndogo utaionja, ukiitia katika pipa hutaionja. Kitu kikubwa, kama pipa au jembe la trekta, hukusanya sehemu kubwa ya uga huo na kujibu kwa sauti. Hela moja haikusanyi kitu. Zile koili za mita moja huweza kupita juu ya sarafu iliyolala juujuu kabisa, na mashine isiseme neno.

Wanaopenda hesabu nawapa kipimo. Kwa mkondo uleule na mizunguko ileile ya waya, uga kwenye kina fulani katikati ya duara huwa na nguvu kuliko zote pale kipenyo cha koili kinapokuwa karibu mara 2.8 ya kina hicho. Walimu wa fizikia watanisahihisha. Sarafu iliyo chini sentimita 5 inataka koili ya sentimita 14, yaani inchi 6 hivi. Iliyo chini sentimita 10 inataka sentimita 28, yaani inchi 11. Kwa mashine za kawaida sarafu ndogo ni vigumu kuisikia ikipita shubiri moja chini, koili iwe kubwa vipi.

Kuna sababu ya pili, nayo ni udongo. Sahani pana huona udongo mwingi kwa mara moja. Miinuko ya bonde letu ina udongo mwekundu wenye chuma, na chuma hicho nacho hujibu. Jibu la hela hufunikwa na kelele za ardhi. Ndiyo maana katika udongo wa namna hiyo huchaguliwa koili ambayo ndani yake nyaya zimepangwa kama herufi D mbili zilizogeukiana. Huathirika kidogo kuliko ile yenye duara moja ndani ya jingine.

Sababu ya tatu ni takataka. Mwaka 1881 Rais Garfield wa Marekani alipigwa risasi, na madaktari hawakujua risasi ilikokaa mwilini. Alexander Graham Bell, yule wa simu, alileta chombo chake cha kutafutia metali. Alishindwa, na sababu mojawapo ilikuwa springi za chuma za kitanda alicholalia mgonjwa. Chuma kilicho jirani huificha metali ndogo. Hapa kwetu springi hizo ni misumari, vizibo vya soda na vipande vya bati. Koili ya inchi 11 huweza kuona msumari na sarafu kwa pamoja na kutoa sauti moja ya msumari. Koili ya inchi 6 huvitenganisha.

Haya niliyahakikisha kwa macho. Chama cha historia cha shule moja ya hapa bondeni kiliomba kuipima njia ya zamani ya kwenda mtoni kabla greda halijaipitia. Tuliandika barua Idara ya Mambo ya Kale, kwa kuwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa 1979, hairuhusu mtu kuchimba mabaki ya kale bila kibali. Tukasubiri mpaka kibali kikaja, na ofisa akaja nacho. Ditekta tuliazima, ikiwa na koili mbili, ya inchi 11 na ya inchi 6. Nikamwomba mtoto wa kaka yangu aje aishike. Alikataa mara mbili. Ya tatu akaja.

Hatukwenda uwandani. Kule Kilombero hufurika na kuleta tope mwaka hata mwaka, na cha miaka 100 iliyopita huenda kimezama mno. Tulikwenda kwenye mwinuko, ambako watu walijenga na kupita. Kwanza tulifukia senti zetu kwa vina mbalimbali, tukaweka vijiti, tukaisikiliza mashine ikijibu. Halafu tukapita na koili ya inchi 11. Tulipata misumari, vizibo, na senti 10 yenye tundu ya wakati wa Mwingereza. Mahali pamoja ililia sauti mbovu ya chuma, nasi tukapaacha.

Alasiri kijana akasema, "Baba mdogo, pale pa sauti mbovu, tujaribu ile ndogo." Akabadilisha koili, akaipitisha polepole karibu na nyasi. Msumari ukalia upande mmoja. Kiganja kimoja pembeni yake ikalia sauti nyingine, safi. Ofisa akafukua kwa mwiko, akaweka wima mkononi mwake hela moja ya kijani: taji upande mmoja, na mwaka 1911.

Kwa bei haikuwa kitu. Lakini kuna mtu wa bonde hili aliyeidondosha akielekea kivukoni, na labda aliitafuta mpaka giza likaingia. Ofisa aliandika mahali, kina na tarehe, akaichukua ihifadhiwe. Kijana aliitazama kwa muda mrefu kuliko ambavyo angeitazama dhahabu.

Basi, vijana, nawaachieni ushauri huu. Mkitafuta sarafu ndogo, koili ya inchi 8 au 9 inatosha kwa kazi nyingi. Penye takataka tieni ya inchi 6, mkijua kwamba itawachelewesha, maana hufagia eneo dogo. Penye shamba safi na pana, ya inchi 11. Za inchi 15 na kuendelea ni za vitu vikubwa. Ipitisheni chini na polepole, kila mpito uguse uliotangulia. Msichimbe bila kibali wala bila idhini ya mwenye ardhi. Msiguse makaburi. Mkikuta kitu kinachofanana na bomu au kombora, ondokeni mwite polisi. Na mtu akiwakodisha mashine kwa ahadi ya dhahabu, mwulizeni kwa nini haitumii mwenyewe.

Nanyi wenzangu tuliokwisha kukaa kwenye viti vya ofisi, nina neno moja. Kijana akija na swali, tuweke kalamu chini. Tumwulize kwanza, "Unatafuta nini?" Ningaliuliza hivyo siku ile, mpunga wa shemeji yangu ungalikuwa ghalani.