CHAJI IKIKATIKA, TUTAFUTE SABABU
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Amu)



Tunawaletea salaam nyingi za wenzenu wa reli. Reli haijafika Amu, lakini betri na nyaya ni kazi yetu pia, na kwa hiyo tumeombwa kusema nanyi juu ya jambo linalowasumbua waendeshaji wa pikipiki za umeme.

Jambo lenyewe ni hili. Mtu huweka betri kwenye chaji usiku, na alfajiri huikuta nusu. Siku hiyo hawezi kumaliza safari zake, na mwenye pikipiki anataka hesabu yake ile ile. Hapo ugomvi huanza. Sisi twasema: kabla ya kulaumiana, tutafute sababu.

Ndani ya betri ya lithiamu mna kifaa cha ulinzi. Hicho hupima joto na volti za seli, na kikiona hatari hukata chaji. Ni kama ishara nyekundu ya reli. Dereva wa gari moshi hapiti ishara nyekundu kwa kuwa imemchelewesha. Husimama, akauliza.

Sababu za kawaida ni hizi:

1. Umeme kupotea. Baadhi ya chaja haziendelei zenyewe umeme urudipo, mpaka zizimwe na kuwashwa tena. Waulizeni majirani kama taa zilizimika usiku.

2. Plagi na waya. Hewa ya bahari ina chumvi, nayo hula pini za plagi. Tena waya mrefu na mwembamba hupunguza volti njiani, na chaja hukata. Plagi ikiwa ya moto au ina alama ya kuungua, acheni kuitumia mara moja.

3. Joto. Betri nyingi za lithiamu hukataa chaji zikipita kiasi cha digrii 45. Betri iliyotoka juani iachwe kivulini kwanza, na chaja isifunikwe kwa nguo.

4. Umeme kuvuja. Swichi kuu ya nyumba ikianguka kila mara chaja iwashwapo, huenda unyevu umeingia. Mwiteni fundi wa umeme.

5. Seli kuchoka. Seli moja ikijaa kabla ya wenzake, kifaa cha ulinzi husimamisha chaji ya betri nzima.

Mtajuaje ni ipi? Badilini kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Kwanza betri ile ile na chaja ile ile, soketi nyingine. Kisha chaja nyingine ya aina ile ile. Mwisho betri nyingine. Kosa likihama pamoja na betri, ni la betri. Likibaki kwenye soketi, ni la soketi.

Kila mara andikeni daftarini: tarehe, saa chaji ilipoanza, saa ilipokatika, soketi gani, na taa ya chaja ilionyesha rangi gani. Daftari hilo ni ngao yenu. Likionyesha kwamba chaji hukatika kwenye soketi moja ya mwenye pikipiki, si haki mwendeshaji akatwe pesa kwa kosa la soketi. Chama kitasema naye kwa maandishi, wala si kwa kelele.

Neno la mwisho ni la uhai. Msikubali mtu yeyote afungue betri akiondoe kifaa cha ulinzi ili chaji iendelee. Betri ya lithiamu ikishika moto ni vigumu kuuzima, na nyumba zetu zina boriti, na vichochoro ni vyembamba. Msichaji kando ya kitanda wala mlangoni, mahali pa kukimbilia. Hesabu ya siku moja hulipika kesho. Watoto walioungua hawalipiki.

Ndugu, tusaidiane. Mwenye kujua amfundishe asiyejua. Umoja ni nguvu.