Gesi Inayozikwa Ardhini: Tuulize Habari ya Maji



Mwaka 2023 kampuni za Octavia Carbon na Cella zilitangaza mpango wa kunasa gesi ya kaboni hewani na kuizika kwenye mawe ya Bonde la Ufa. Tangu hapo nimeulizwa sana: gesi hii ni sumu? Si itatoka ituue?

Gesi yenyewe mnaijua. Ni ile inayotoa mapovu kwenye soda, na kule Kereita, Lari, huchimbwa kutoka ardhini. Hata hivyo tusiichezee. Mwaka 1986 ilitoka ghafla katika Ziwa Nyos, Kamerun, ikaua watu zaidi ya 1,700 waliokosa pumzi. Ile haikuzikwa na mtu, ilitokana na volkano. Hii ya hewani inazikwa kwa sababu inazidisha joto la dunia.

Sasa, kule chini inakuwaje? Gesi ikiyeyuka ndani ya maji, maji yanakuwa makali kidogo. Yakisukumwa kwenye basalti, lile jiwe jeusi la volkano, ukali ule unalila jiwe na kutoa madini kama kalsiamu. Madini yakishikana na gesi, yanakuwa jiwe jipya, jamii ya chokaa. Kule Hellisheidi, Iceland, mwaka 2012 walizika hivyo tani zaidi ya 200. Wataalamu walipopima waliona kwamba katika kila sehemu 100, zaidi ya 95 zilikuwa jiwe kabla ya miaka miwili. Jiwe halipeperuki.

Mahali pengine si hivyo. Norway, tangu 1996, huzika gesi chini ya bahari, katika jiwe la mchanga lenye maji ya chumvi. Gesi ni nyepesi kuliko maji hayo, basi hupanda mpaka izuiwe na tabaka gumu la juu, kama mfuniko wa sufuria. Huyeyuka polepole, na kuwa jiwe huchukua maelfu ya miaka. Hapo mfuniko ndio wa kulindwa.

Sisi tuna basalti, na mimi naona hofu kubwa isiwe gesi. Iwe maji! Iceland walitumia karibu tani 25 za maji kwa kila tani moja ya gesi. Hiyo ni mitungi 1,250 ya lita 20, na akina mama mnajua uzito wa mmoja tu. Basi wakija, waulizeni: maji haya yanatoka wapi? Ni ya chumvi yasiyonyweka, yanayorudishwa kule kule chini, au ni ya kisima chetu?

Tena maji makali yanaweza kuyeyusha madini mabaya pia. Kwa hiyo kila kikundi chenye kisima kipimishe maji sasa, kabla pampu haijawashwa, halafu yapimwe tena mara kwa mara. Karatasi ya majibu iandikwe tarehe, nakala moja akae nayo katibu na nyingine mweka hazina. Asiachiwe mwenyekiti peke yake.