Stopwochi Bila Dirisha: Kutenganisha Kupima Muda na Kuuonyesha



1. Utangulizi

Wanafunzi wengi wa Python huandika stopwochi mapema: dirisha dogo la Tkinter, tarakimu katikati, na vitufe vya Anza, Simama na Futa. Kwenye kompyuta ya mezani haina shida. Ihamishie kwenye seva, au kwenye Raspberry Pi isiyo na skrini unayoingia kwa SSH, na itagoma kabla ya kuhesabu hata sekunde moja. Tkinter hutafuta skrini ya kuchorea dirisha. Ikiikosa, programu nzima huanguka. Hoja yangu ni kwamba seva haina kosa. Kupima muda na kuonyesha muda ni kazi mbili, nasi tumezifunga pamoja.

2. Tatizo lilipo

Mara nyingi funksheni moja huitwa na `after` ya Tkinter kila baada ya milisekunde 1000, ikaongeza moja kwenye sekunde, kisha ikabadilisha maandishi ya lebo. Dirisha likifungwa, hesabu nayo imekwisha. Tena hesabu yenyewe ina walakini, kwa kuwa `after` huweza kuchelewa. Ikichelewa milisekunde 5 tu kila mzunguko, kwa saa moja stopwochi itakuwa nyuma kwa takriban sekunde 18.

3. Hatua za marekebisho

*Moyo wa programu.* Andika klasi ya stopwochi isiyojua lolote kuhusu skrini. Itunze mambo mawili: wakati ilipoanzishwa na muda uliokusanywa kabla ya kusimamishwa. Ukiomba kusoma, itoe wakati wa kuanza katika wakati wa sasa, kisha ijumlishe ule uliokusanywa. Hapo mzunguko ukichelewa, kinachochelewa ni maandishi tu. Muda unabaki sahihi.

Wakati huo usomwe kwa `time.monotonic`, iliyoingia katika Python 3.3 mwaka 2012, badala ya `time.time`. Saa ya kawaida ya kompyuta hurekebishwa. Raspberry Pi za kabla ya toleo la 5 hazina saa yao wenyewe inayoendelea kutembea umeme ukikatika. Zikiwaka husubiri kupewa saa na mtandao. Saa ikirudishwa nyuma katikati ya kupima, `time.time` inaweza kukupa hata muda hasi. `time.monotonic` hairudi nyuma kamwe.

*Onyesho.* Mahali pa lebo weka kitanzi kinachochapa muda, kikalala sehemu ya kumi ya sekunde, kikachapa tena. Alama ya `\r` hurudisha kishale mwanzo wa mstari, hivyo tarakimu mpya hufunika za zamani. Usisahau `flush=True`, la sivyo maandishi yatakwama njiani na mtumiaji ataona mstari mtupu.

*Vitufe.* Enter ianzishe, Ctrl+C isimamishe. Programu idake `KeyboardInterrupt`, ichape muda wa mwisho, kisha ifunge kwa utulivu. Matokeo yakielekezwa kwenye faili, `isatty` itakujulisha kwamba hakuna terminali. Hapo chapa mstari mmoja wa mwisho, faili lisijae takataka.

*Mafaili.* Amri ya kuingiza Tkinter ikae kwenye faili la dirisha peke yake. Katika Debian, Tkinter ni kifurushi cha pembeni ambacho seva nyingi hazina.

4. Mapendekezo

Dirisha la zamani halitupwi: nalo lisome klasi ileile. Tukifanya hivyo tutapata programu mbili zenye moyo mmoja, na moyo huo unaweza kufanyiwa majaribio bila mtu kubofya chochote. Nawaomba walimu wenzangu waanze kufundisha stopwochi kwenye terminali, na dirisha lifuate baadaye. Mwanafunzi aliyeanza na dirisha hulazimika kubomoa. Aliyeanza na hesabu huongeza tu.